Njia Iliyohama na Barabara Isiyohama: Tabora, Njia ya Misafara na Barabara Kuu ya Tanzania Magharibi, 1857–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya njia ya misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora na barabara kuu ya lami inayotoka Manyoni kupitia Itigi na Tabora kuelekea Kigoma. Yanapinga dai lililozoeleka kwamba barabara ya leo ni njia ya misafara iliyowekewa lami. Hoja kuu ni kwamba njia ya misafara ilifuata makazi ya watu na iliweza kuhamishwa nao, ilhali reli na barabara zilizofuata zilikazwa mahali pamoja na watu ndio waliohamishwa kuzifuata. Mabadiliko hayo yana athari hadi leo katika namna tunavyohifadhi urithi wa njia hiyo na tunavyopima haki za wakaaji wa kandokando ya barabara.

1.0 Utangulizi

Msafiri aondokaye Itigi kuelekea Tabora hupita kwa muda mrefu katika vichaka na misitu ya miombo kabla ya kuyaona mashamba ya Unyamwezi. Kipande cha mwisho cha barabara hiyo kuwekewa lami, kati ya Chaya na Nyahua, chenye urefu wa kilomita 85.4, kilizinduliwa mwaka 2022. Hivyo mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa njia panda kuu ya bara ulisubiri hadi karne ya 21 kuunganishwa kwa lami moja kwa moja na nchi iliyo mashariki yake.

Aghalabu husikika kwamba barabara hiyo inafuata njia ya zamani ya Bagamoyo na Ujiji. Kauli hiyo ina ukweli kiasi, kwani mwelekeo wa jumla ni uleule: pwani, Ugogo, Unyanyembe, mto Malagarasi, Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, mwelekeo si njia. Mtafiti akiichukulia kauli hiyo kuwa ushahidi wa kihistoria, atashindwa kueleza kwa nini Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, vituo vilivyotajwa sana katika maandishi ya wasafiri, viliachwa kando na miji iliyokuja baadaye. Atashindwa pia kueleza kwa nini vijiji vingi vya kandokando ya barabara vina umri mdogo kuliko barabara yenyewe.

Makala haya yanajibu swali moja: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua njia ipite wapi, na uwezo huo ulihama vipi kutoka mikono mmoja hadi mwingine? Vyanzo vilivyotumika ni maandishi ya wasafiri wa Ulaya, hususani Burton na Stanley. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip. Na kazi za wanahistoria waliochunguza Unyamwezi na Ukimbu. Maandishi ya wasafiri wa Ulaya yana dharau nyingi dhidi ya wenyeji. Kwa hiyo yametumika hapa kwa ajili ya mambo ambayo mwandishi hakuwa na sababu ya kuyapotosha: majina ya vituo, siku za mwendo, maji na malipo.

2.0 Njia Iliyofuata Watu

Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kaze, penye mji wa Tabora wa leo, tarehe 7 Novemba. Safari hiyo ya zaidi ya siku 130 haikuwa ndefu kwa sababu ya umbali peke yake. Msafara ulisimama kununua chakula, kutafuta wapagazi badala ya waliotoroka na kujadiliana kuhusu hongo katika Ugogo. Mambo hayo ndiyo yaliyoamua njia ipite wapi. Msafara wa mamia ya watu haukuweza kubeba chakula cha miezi minne. Ulilazimika kupita penye mashamba. Haukuweza kuchimba visima. Ulilazimika kupita penye maji ambayo tayari yalikuwa na wenyewe.

Sehemu iliyoogopwa zaidi ilikuwa Mgunda Mkali, nyika iliyotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Hofu hiyo ilitokana na uchache wa maji na ukosefu wa mahali pa kununua nafaka. Baada ya kuivuka, wasafiri walifika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, wakaendelea hadi Rubuga na hatimaye Unyanyembe. Lakini hata Mgunda Mkali haikubaki kama ilivyokuwa. Wakimbu walikwisha kufyeka sehemu zake na kuanzisha makazi, likiwamo Jiwe la Mkoa, na Cameron aliyepita mwaka 1873 aliikuta nyika hiyo ikiwa imepungua sana. Shorter (1972) amewaeleza Wakimbu kama watu waliosafiri, kuhama na kuanzisha temi ndogondogo katika nchi kubwa yenye watu wachache. Kwao msafara ulikuwa soko, na kufyeka msitu karibu na njia kulikuwa uamuzi wa kiuchumi.

Mfano wa Wakimbu unaonesha kwamba tangu zamani wapo watu waliohama kuifuata njia. Tofauti na yaliyokuja baadaye ni mbili. Kwanza, walihama kwa hiari yao. Pili, kuhama kwao kuliibadilisha njia: penye shamba jipya na kisima kipya palikuwa kituo kipya. Njia na makazi vilijengana.

Wapagazi nao walikuwa na sauti. Rockel (2006) amethibitisha kwamba upagazi ulikuwa kazi yenye desturi, heshima na masharti yake, na kwamba Wanyamwezi waliitawala kwa kiasi kikubwa. Waliondoka na kurejea kwa kuzingatia majira ya kilimo, walijua vituo, na walikuwa na silaha moja ambayo hakuna tajiri aliyeweza kuipuuza, nayo ni kutua mzigo na kuondoka. Kirangozi aliyetangulia na bendera hakufuata ramani. Alifuata maarifa yaliyorithiwa kuhusu maji na hali ya amani mbele yake.

Kwa hiyo si sahihi kuizungumzia "njia" kana kwamba ilikuwa mstari mmoja. Ilikuwa fungu la mapito yaliyokutana penye vituo na kutawanyika tena. Magharibi mwa Kaze, Burton alipita Msene, soko lililokaliwa zaidi na wafanyabiashara Waswahili wa pwani, kabla ya kuelekea Uvinza. Msene haimo katika orodha ya stesheni za reli wala miji ya barabara kuu ya leo. Uvinza kwa upande wake ilikuwa kituo kabla misafara ya pembe haijaanza. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa na Sutton na Roberts ulionesha kwamba chumvi ilichemshwa pale kwa zaidi ya miaka elfu moja. Biashara ya pembe za ndovu na watumwa haikuzianzisha njia zote. Ilipita katika baadhi ya mapito ambayo chumvi, chuma na nafaka vilikuwa vimekwisha kuyafungua.

3.0 Siasa za Kuihamisha Njia

Ikiwa njia ilitegemea watu, basi aliyewatawala watu aliweza kuifungua, kuifunga au kuisogeza. Historia ya Unyanyembe katikati ya karne ya 19 ni historia ya mvutano juu ya uwezo huo. Wakati wa mtemi Fundikira, wafanyabiashara wa Kiarabu walijenga uhusiano wa karibu na ikulu yake. Tippu Tip anaeleza kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Ndoa hiyo ilikuwa pia mkataba wa njia.

Mnywa Sele, aliyemrithi Fundikira, alijaribu kuubadilisha mkataba huo kwa kudai kodi ya bidhaa za wafanyabiashara. Walimpinga, wakamwondoa na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sele hakunyamaza. Kwa miaka kadhaa alizishambulia njia za kuingia Unyanyembe, na Speke alipopita tena mwaka 1861 aliikuta nchi katika vita na vituo vya mashariki vikiwa na njaa. Mtemi aliyepoteza kiti hakupoteza uwezo wa kuifanya njia isipitike.

Mirambo aliutumia uwezo huo kwa mafanikio makubwa zaidi. Urambo ilikuwa magharibi mwa Tabora, mahali ambapo njia ya Ujiji haikuweza kuikwepa kwa urahisi. Mwaka 1871 wafanyabiashara wa Tabora waliamua kumpiga, na Stanley akajiunga nao. Walishindwa, na tarehe 22 Agosti Mirambo aliushambulia mji wenyewe. Njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ilifungwa. Stanley aliondoka Kwihara mwezi Septemba kuelekea kusini kupitia Ugunda, akageuka kaskazini magharibi hadi Malagarasi. Penye kivuko aliwalipa Wavinza waliomiliki mitumbwi, kama Burton alivyowalipa mwaka 1858. Katika Uha alidaiwa hongo mara kadhaa mfululizo, hata mwishowe msafara wake ukaiacha njia usiku na kupita porini ili kuwakwepa waliobaki.

Tukio hilo moja linaonesha pande zote za hoja hii. Mtemi aliweza kuifunga njia. Wenye kivuko waliweza kuitoza. Msafara nao uliweza kuikwepa. Kila upande ulikuwa na la kufanya, na njia iliyopatikana ilikuwa matokeo ya majadiliano yao.

Tahadhari inahitajika hapa. Uwezo wa kuihamisha njia haukuwa wa kila mtu. Ulikuwa mikononi mwa watemi, matajiri na, kwa kiasi fulani, wapagazi. Watumwa waliopelekwa pwani kwa minyororo hawakuwa na sauti juu ya njia wala mwisho wake. Kusema kwamba njia ilikuwa ya majadiliano si kusema kwamba ilikuwa ya haki.

4.0 Reli na Kukazwa kwa Njia

Mirambo alifariki mwaka 1884. Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyepinga utawala wa Wajerumani, alijilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 badala ya kutekwa. Baada ya hapo hapakuwa na mtawala wa ndani aliyeweza kuwazuia watu kupita. Uamuzi juu ya njia ulihamia kwa serikali ya kikoloni, na chombo chake kikuu kilikuwa reli.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mhandisi wa reli alizingatia mwinuko wa ardhi, gharama za madaraja, maji ya vichwa vya treni na bandari inayofaa. Baadhi ya vigezo hivyo vilikutana na vya zamani, ndiyo maana reli nayo ina stesheni ya Tura. Lakini pale vilipotofautiana, vituo vya zamani vilishindwa. Kilimatinde, iliyokuwa boma la Wajerumani, iliachwa kusini ya reli, na Manyoni ikakua mahali pake. Ujiji, soko lililojulikana dunia nzima, iliachwa kilomita chache kutoka bandari mpya ya Kigoma. Kwihara, kusini magharibi mwa Tabora, ilibaki na tembe alilokaa Livingstone, huku maisha ya mji yakihamia kuelekea stesheni.

Waingereza waliendeleza mwelekeo huo. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Kwa kuwa reli ilikuwa mali ya serikali iliyopaswa kujilipa, barabara zilitakiwa kuilisha, si kushindana nayo. Katika miaka ya 1930 sheria ziliwekwa kuzuia magari ya mizigo kuchukua kazi ya reli. Hapa ndipo ulipo mzizi wa kuchelewa kwa barabara ya Tabora: mji uliokuwa na reli ulihesabiwa kuwa umekwisha kuhudumiwa. Baada ya Uhuru, na hasa biashara na Rwanda na Burundi ilipokua, lami kuu kutoka Dodoma ilipelekwa Singida na Nzega, ikaipita Tabora kwa upande wa kaskazini. Kilichokuwa faida mwaka 1912 kilikuwa kimegeuka kuwa sababu ya kusubiri.

5.0 Msitu Uliotengenezwa

Msitu unaopakana na barabara ya leo huonekana kama mabaki ya nyika ya zamani. Historia inatutaka tuwe waangalifu. Kjekshus (1977) alionesha jinsi vita vya ukoloni, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 na njaa vilivyovunja uwezo wa jamii za Tanganyika wa kuudhibiti msitu na mbung'o. Baadhi ya makadirio yake yamepingwa na watafiti waliomfuata, lakini kiini cha hoja, kwamba nyika ilirudi pale watu walipopungua, kimebaki.

Katika Tanganyika ya magharibi hatua nyingine ilifuata. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, katika kupambana na malale, iliwakusanya watu waliokaa wametawanyika katika misitu na kuwaweka katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Lengo la kiafya lilikuwa la kweli, maana ugonjwa uliua. Hata hivyo, watu waliokusanywa waliwekwa mahali ambapo utawala uliweza kuwafikia, na mashamba, visima na mapito waliyoyaacha yalirudi kuwa pori. Baadhi ya maeneo yaliyobaki bila watu yalitangazwa baadaye kuwa hifadhi za misitu na za wanyama. Ugalla, iliyokuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2019.

Baada ya Azimio la Arusha, na hasa kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania. Vijiji vingi vilipangwa kandokando ya barabara ili shule, zahanati na maji vifike kwa urahisi. Hapo mpangilio wa karne ya 19 ulipinduliwa kabisa. Wakati wa Burton, msafara uliuliza: watu wako wapi, ili tupite kwao? Mwaka 1974 afisa aliuliza: barabara iko wapi, ili watu wapelekwe huko?

6.0 Barabara ya Lami na Swali la Haki

Barabara kuu za lami zilizofika Tabora katika muongo wa pili wa karne ya 21 zimeleta manufaa yasiyopingika. Mgonjwa anafika hospitali ya mkoa siku ileile. Tumbaku, asali na mpunga vinafika sokoni wakati wa masika, jambo ambalo barabara ya udongo haikuruhusu. Daraja la Kikwete katika mto Malagarasi, lililojengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini na kuzinduliwa mwaka 2015, limemaliza adha ya kivuko cha karne nyingi. Barabara ya Tabora, Sikonge, Koga hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita 342.9, inaelekea upande uleule wa kusini magharibi ambao Stanley aliufuata kwa dharura mwaka 1871.

Lakini barabara ya aina hii haijadiliwi na anayekaa kando yake. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nchini kote nyumba zilizoangukia ndani ya eneo hilo ziliwekewa alama ya X, na mabishano yakazuka: ni nani aliyeifuata barabara, na ni nani aliyefuatwa nayo? Anayeonekana kuwa mvamizi hana haki ya fidia; aliyefuatwa anayo.

Kwa vijiji vilivyopangwa na serikali kandokando ya barabara, swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kupima mita peke yake. Mwanakijiji aliyehamishwa kutoka msituni mwaka 1974 na kuonyeshwa kiwanja kando ya barabara hakuivamia hifadhi, aliwekwa pale. Na babu yake huenda alikuwa amekwisha kuhamishwa mara moja katika makazi ya malale. Kusema kwamba barabara "imepita tu pale ilipokuwa njia ya misafara tangu zamani" kunamwondolea hoja yake, kwa sababu kunaifanya njia ionekane ya kale na isiyobadilika, na yeye aonekane mgeni aliyeifuata.

Dosari hiyohiyo imo katika uhifadhi wa urithi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia Kuu ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, mgeni anayeviunganisha vituo hivyo kwa barabara ya leo atadhani ameifuata njia. Hataona mahali palipokuwa Msene, wala mashamba ya Wakimbu katika Mgunda Mkali, wala mapito ya usiku ya Uha. Ataona vituo vya wenye biashara na wageni wao. Hataiona kazi ya waliowalisha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kati ya mwaka 1857 na 2022 njia ya kupita Tabora haikuboreshwa tu kutoka wayo hadi lami. Ilibadilika asili. Njia ya kwanza ilitegemea ridhaa, au walau malipo, ya watu iliowapitia, nao waliweza kuihamisha. Reli iliukata utegemezi huo, uhamishaji wa watu katika karne ya 20 ukaugeuza, na barabara kuu imeurithi mpangilio uliogeuzwa.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwa watafiti na wahifadhi: ramani ya njia ya misafara ichorwe kwa majira na vipindi, ikionesha mapito yaliyofungwa, yaliyokwepwa na yaliyoachwa, badala ya mstari mmoja kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. La pili ni kwa wanaotathmini fidia: kabla ya kupima umbali wa nyumba kutoka katikati ya barabara, ithibitishwe kwanza kutoka katika kumbukumbu za wilaya na za vijiji ni lini kijiji kiliwekwa pale na kwa amri ya nani. Wazee waliohamishwa katika miaka ya 1970 wakiwa watu wazima sasa wamebaki wachache. Kazi ya kuandika ushuhuda wao haiwezi kusubiri kama lami ya Tabora ilivyosubiri.